Silsila ya Walimu wa Softiboli katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapokaribia kwisha, timu 8 zilizosalia katika mashindano ya softiboli ya wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani hukutana Oklahoma City kumtafuta bingwa, na watazamaji, kama ilivyo ada ya watazamaji popote walipo, humfuata kwa macho binti arushaye mpira na binti aupigaye. Leo namwomba msomaji amtazame mtu mwingine, yule mtu mzima asimamaye kando ya kituo cha tatu, anayegusa kofia, kisha kifua, kisha mkono, akipeleka maamrisho kwa ishara ambazo wapinzani wanaziona zote na wasielewe hata moja. Mtu huyo katoka wapi, alisoma kwa nani, na ni njia gani iliyomfikisha kwenye kiti ambacho katika baadhi ya vyuo hulipwa leo zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, ndiyo kadhia ninayokusudia kuichambua. Na rai yangu ni kwamba fani hii hairithishwi kwa shahada wala kwa sifa za uchezaji peke yake, bali kwa silsila, mwalimu akimweka mwanafunzi wake kando yake miaka mingi hadi naye akaiva, na kwamba silsila hiyo hiyo iliyoipa softiboli ya vyuo heshima yake ndiyo pia iliyowafungia mlango wengi waliostahili kuingia.

Yafaa kwanza tuueleze mchezo wenyewe kwa muhtasari, maana huku kwetu haujaenea. Softiboli ilizuliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi wa klabu ya waendesha mashua, ili watu waliozoea besiboli wapate cha kucheza wakati wa baridi. Mpira wake ni mkubwa kuliko wa besiboli, mrushaji huuachia mkono ukipita karibu na nyonga badala ya juu ya bega, na katika vyuo husimama futi 43 tu kutoka kwa mpigaji, yaani mita 13 na ushei, ilhali mwenzake wa besiboli husimama futi 60 na nusu. Kwa umbali mdogo kama huo mpigaji hana wasaa wa kupima mambo mpira ukiwa njiani. Fikra lazima zitangulie, nazo aghalabu hutoka benchini. Mdakaji, achuchumaaye nyuma ya mpigaji, kwa miaka mingi amevaa mkononi kikaratasi kilichojaa tarakimu: kocha hutamka namba tatu kwa sauti, mdakaji huzitafuta katika safu za kikaratasi chake, kisha humwashiria mrushaji ni mpira wa aina gani utakiwao na upitie upande upi, ule upandao, ule uzamao, au ule wa taratibu unaomhadaa mpigaji akaipiga hewa. Hivyo kocha wa softiboli hawi mtu wa kuhimiza kwa maneno tu, kwani mkono wake umo katika kila mrusho, na maarifa ya namna hiyo, ya kujua saa ngapi utake mpira upi kwa mpigaji yupi, hupatikana zaidi kwa kuketi karibu na ayajuaye kuliko kwa kusoma kitabu.

Tabaka la kwanza la walimu hao lilitoka viwandani na madarasani. Kabla vyuo havijaukubali mchezo huu kwa fedha, timu bora za wanawake zilikuwa za miji na za makampuni, na mashuhuri kupita zote ilikuwa Raybestos Brakettes ya Stratford, Connecticut, iliyoanzishwa mwaka 1947 chini ya kiwanda cha breki za magari. Humo alicheza Joan Joyce, mrushaji ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbele ya umati mkubwa, alimshinda Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa katika tarehe ya besiboli; na bibi huyo, baada ya kucheza pia gofu ya kulipwa, aliianzisha timu ya softiboli ya chuo kikuu cha Florida Atlantic katika miaka ya 1990, akiwa amekwisha pita umri wa miaka 50, akaifundisha hadi mauti yalipomkuta Machi 2022 akiwa na miaka 81, bado yumo kazini. Humo pia alicheza Sharron Backus, ambaye mwaka 1975 alikabidhiwa timu ya UCLA, chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles. Zama hizo kocha wa wanawake aghalabu alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, asomeshaye darasani mchana na kupanga uwanja jioni, kwa ujira mdogo au pasipo ujira. Na mashindano ya kwanza ya kitaifa, yaliyochezwa Omaha mwaka 1969, yalitwaliwa na John F. Kennedy College cha Wahoo, Nebraska, chuo kidogo ambacho leo hakipo tena.

Katika tabaka hilo hakuna maisha yanayofunza zaidi ya yale ya Carol Hutchins. Alikuwa mwanafunzi wa Michigan State, alikochezea softiboli na mpira wa kikapu pia, naye alikuwamo katika timu ya softiboli iliyotwaa ubingwa wa wanawake mwaka 1976. Mwaka 1979, yeye na wenzake wa mpira wa kikapu walikishitaki chuo chao mahakamani kwa kuwa posho zao za safari, malazi yao na vyombo vyao vya usafiri vilikuwa duni kuliko vya wanaume, nayo timu ya wanaume ya chuo hicho, yenye Magic Johnson, ndiyo iliyokuwa bingwa wa taifa mwaka huo. Na kesi hiyo ingali yajulikana kwa jina la Hutchins katika vitabu vya sheria. Msichana aliyeanza utu uzima wake kwa kudai chakula sawa na malazi sawa ndiye aliyeshika timu ya chuo kikuu cha Michigan mwaka 1985, baada ya kuwa msaidizi hapo, akakaa kitini misimu 38. Mwaka 2005 timu yake iliishinda UCLA katika mchezo wa mwisho uliokwenda hadi raundi ya 10, ikawa ya kwanza kutoka mashariki ya mto Mississippi kulitwaa taji la NCAA, chama kisimamiacho michezo ya vyuo, na alipostaafu mwaka 2022 alikuwa amekusanya ushindi 1,707, zaidi ya kocha mwingine yeyote wa daraja la kwanza mpaka siku hiyo. Nafasi yake ikachukuliwa na Bonnie Tholl, aliyekuwa mchezaji wake, na ambaye tangu mwaka 1994 aliketi naye benchi moja.

Sheria iliyowapa nguvu akina Hutchins, ile iitwayo Title IX, ilitiwa saini na Rais Nixon mwezi wa Juni 1972, nayo ilikataza chuo kipokeacho fedha za serikali kumbagua mtu kwa sababu ya kuwa mwanamke au mwanamume. Taathira yake kwa wachezaji ilikuwa kubwa mno: misaada ya masomo ilifunguliwa, viwanja vikajengwa, na idadi ya wasichana wachezao ikaongezeka mwaka hata mwaka. Lakini kwa walimu wao sheria hiyo ilileta jambo ambalo walioitunga hawakulikusudia. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake katika vyuo zilifundishwa na wanawake. Watafiti Vivian Acosta na Linda Carpenter, waliofuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa, waliiona hesabu hiyo ikishuka hadi asilimia 43 na nukta mwaka 2014. Sababu yake si ya kufichika. Maadamu kazi haikuwa na mshahara, wanaume hawakuitaka. Ilipopata mshahara, wengi waliiomba, na wenye kuajiri, ambao wengi wao walikuwa wanaume wasimamizi wa idara za michezo ya wanaume na wanawake zilizounganishwa, waliwaajiri waliofanana nao. Fauka ya hayo, chama cha wanawake kilichosimamia michezo yao, AIAW, kilikufa muda mfupi baada ya NCAA kuanza kuendesha mashindano ya wanawake, na kwa softiboli mashindano hayo yalianza mwaka 1982, UCLA ya Backus ikiwa bingwa wa kwanza.

Hata hivyo tusiharakishe kuwahukumu wanaume walioingia, tabaka la pili la walimu hao, kwani ukiwachunguza mmoja mmoja utaona mambo mawili tofauti. Wako waliokuja na ustadi wao kamili. Mike Candrea alikuwa mtu wa besiboli, akafundisha softiboli Central Arizona, chuo cha miaka miwili, akatwaa mataji mawili ya kitaifa ya vyuo vya daraja hilo, ndipo chuo kikuu cha Arizona kilipomchukua kwa msimu wa 1986. Huko alitwaa mataji 8 ya NCAA kati ya 1991 na 2007, akastaafu mwaka 2021 akiwa na ushindi 1,674. Mwaka 2004, wiki chache baada ya kufiwa na mkewe, aliiongoza timu ya taifa katika Olimpiki ya Athens, ikatwaa medali ya dhahabu baada ya kufunga mara 51 na kufungwa mara 1 tu katika mashindano mazima. Mike White naye alizaliwa New Zealand, akawa mrushaji hodari wa softiboli ya wanaume, mchezo ambao Wamarekani wengi hawajui hata kama upo. Alifundisha Oregon kisha Texas, na mwaka 2025 akakipa chuo hicho taji lake la kwanza.

Lakini wako wengine, nao ndio wanaonivutia zaidi, ambao ilimu yao ilipita mikononi mwa wanawake kabla haijawa yao. Tim Walton alikuwa mrushaji wa besiboli katika timu ya Oklahoma iliyokuwa bingwa mwaka 1994. Alipogeukia softiboli, alikaa miaka kadhaa kama msaidizi wa Patty Gasso hapo hapo Oklahoma, ukiwamo mwaka 2000 walipotwaa taji la kwanza, na baada ya kuifundisha Wichita State akaenda Florida, alikotwaa mataji ya 2014 na 2015. Patrick Murphy, ambaye hakuja na jina lolote la uchezaji, alisoma kazi chini ya Yvette Girouard huko Louisiana. Kisha akaenda Alabama timu hiyo ilipoanzishwa, akawa kocha mkuu, na mwaka 2012 akaleta taji la kwanza la softiboli katika ligi ya vyuo vya kusini mashariki. Watu hao wawili hutajwa mara kwa mara kuwa ushahidi kwamba mwanamume aweza kuufundisha mchezo wa wanawake, na kweli aweza. Ila ni insafu kuongeza kwamba wao wenyewe walifundishwa kazi na wanawake. Kwa hiyo anayeitazama orodha ya makocha na kuhesabu tu wanaume wangapi na wanawake wangapi amejua nusu ya habari. Nusu nyingine ni kujua nani alimfunza nani.

Gasso mwenyewe ndiye mfano ulio bayana kupita yote. Alikulia kusini mwa California, akaanza ukocha mwaka 1990 katika Long Beach City College, chuo cha miaka miwili, mahali ambapo mwalimu husajili wachezaji, huweka hesabu na hushughulikia uwanja kwa mikono yake, na kila baada ya miaka miwili huanza upya kwa kuwa wanafunzi wake wote wamehitimu. Oklahoma ilimwita kwa msimu wa 1995, na timu aliyoikuta haikuwa na uwanja wake. Ilichezea katika bustani ya umma ya Norman, mahali pale pale ambapo watu wa mji walikuja kujiburudisha. Uwanja wa chuoni ulifunguliwa mwaka 1998, ukapewa jina la Marita Hynes, mwanamke aliyeifundisha timu hiyo miaka ya nyuma kisha akawa msimamizi, na aliyekuwa na mkono katika kuajiriwa kwa Gasso. Hivyo hata katika jina la uwanja silsila ilijionyesha. Baada ya taji la 2000 ilipita miaka 13 pasipo jingine, nacho chuo kilimvumilia, ndipo yakaja ya 2013, 2016 na 2017, na hatimaye manne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, jambo ambalo hakuna timu iliyopata kulifanya kabla yake. Msimu wa 2023 ulimalizika timu yake ikiwa imeshinda michezo 53 mfululizo, na mwanawe JT akiwa miongoni mwa wasaidizi wake.

Nisimulie usiku mmoja tu. Mwezi wa Juni 2017, katika fainali, Oklahoma ya Gasso ilikutana na Florida ya Walton, mwalimu na aliyekuwa msaidizi wake wakitazamana kutoka benchi mbili. Mchezo wa softiboli una raundi 7. Ule wa kwanza wa fainali hiyo ulikwenda raundi 17, saa zikapita, na mara mbili tatu ilionekana umekwisha kisha ukafufuka, hadi mpigaji wa Oklahoma alipoutoa mpira nje ya uwanja na kuleta pointi tatu kwa pigo moja, na mchezo ukamalizika 7 kwa 5. Mtu akiutazama mchezo huo kwa makini huona jinsi wawili hao walivyozuia mbinu za mwenzao hata kabla hazijatoka, kama mafundi wawili wa jahazi waliojifunza kwenye karakana moja, kila mmoja akijua shoka la mwenzake litakata wapi.

Tabaka la tatu ndilo linaloshika madaraka sasa, nalo ni la mabinti wa mchezo wa vyuo wenyewe, waliolelewa na misaada ya masomo iliyoletwa na sheria ya 1972. UCLA imekuwa na makocha wakuu watatu tu tangu 1975: Backus, kisha Sue Enquist, mmoja wa wachezaji wa kwanza wa Backus, aliyeshirikiana naye kitini kwa miaka kadhaa kabla hajaachiwa peke yake, na tangu 2007 Kelly Inouye-Perez, aliyekuwa mdakaji wa timu hiyo hiyo, kisha msaidizi, na aliyetwaa mataji ya 2010 na 2019. Huko Arizona, Candrea alipostaafu, kiti kilikwenda kwa Caitlin Lowe, aliyecheza chini yake katika mataji ya 2006 na 2007, kisha akawa msaidizi wake. Wadakaji na walinzi wa kati ni wengi katika orodha hii, wala si bahati: hao ndio wachezaji wanaouona uwanja mzima mbele yao, na wanaolazimika kusema na wenzao kila mpira unaporushwa.

Wapo pia waliopitia njia za mbali, nao hawapaswi kusahauliwa. Karen Weekly wa Tennessee ana shahada ya sheria. Aliifundisha timu hiyo tangu msimu wa 2002 pamoja na mumewe Ralph, askari mstaafu wa jeshi la anga, wote wawili wakiwa na cheo sawa, na mume alipostaafu mwaka 2021 mke akaendelea peke yake. Dot Richardson alikuwa mchezaji wa UCLA, pigo lake ndilo lililoamua dhahabu ya Olimpiki ya 1996 mjini Columbus, Georgia, kisha akawa daktari mpasuaji wa mifupa, na mwaka 2013 akauacha udaktari kwenda kuifundisha Liberty, chuo cha Virginia. Mwezi wa Mei 2025 timu yake iliitoa Texas A&M, iliyokuwa imepangwa ya kwanza kati ya timu zote za nchi, katika hatua ya mwanzo ya mashindano, jambo ambalo halikuwahi kuifika timu yoyote iliyopangwa ya kwanza.

Sasa niseme lile ambalo wapenzi wa mchezo huu hawapendi kulisikia. Silsila, kwa tabia yake, huwapa walio ndani na huwanyima walio nje. Gasso, Enquist, Walton, Inouye-Perez na Lowe, wote ni watu wa kusini mwa California, ambako jua huruhusu mazoezi mwaka mzima na ambako wazazi wenye uwezo hulipia timu za binafsi zizungukazo nchi nzima wakati wa likizo. Na kwa kuwa vyuo husajili kutoka timu hizo, na makocha hutoka katika wachezaji wa vyuo hivyo, mtoto wa aila isiyoweza kulipa hukosa mara mbili, kwanza kucheza na baadaye kufundisha. Makocha wakuu weusi ni wachache mno katika daraja la kwanza. Tena, mpaka mwaka 2023, kanuni za NCAA ziliruhusu timu ya softiboli kuwalipa kocha mkuu na wasaidizi wawili, na msaidizi wa tatu alipaswa kuwa wa kujitolea, asiye na mshahara wa chuo. Wengi walianzia katika nafasi hiyo. Lakini ni nani awezaye kufanya kazi mwaka mzima bila mshahara ila mwenye mzazi, mume au mke wa kumtunza? Kanuni hiyo ilifutwa Julai 2023, nami naona kuwa marekebisho hayo, ambayo magazeti hayakuyapa nafasi kubwa, yatabadilisha sura ya benchi kuliko hotuba nyingi za usawa.

Upande wa pili unakuja mtihani mpya. Fedha zimeingia kwa wachezaji pia: mrushaji NiJaree Canady alipohama Stanford kwenda Texas Tech, ilitangazwa kwamba atalipwa zaidi ya dola milioni 1 kwa msimu, na mwaka 2025 aliifikisha timu yake fainali, iliposhindwa na Texas. Siwalaumu wachezaji, walioufanya mchezo huu kuwa na thamani ni wao, na haki yao ilichelewa. Ila silsila huhitaji muda. Tholl alikuwa kwa Hutchins, kwanza akimchezea, kisha akimsaidia karibu miaka 30. Enquist aliingia UCLA msichana, akatoka mkuu. Mchezaji anayebadilisha chuo kila mwaka atakuwa amefunzwa na wengi, wala hatakuwa mwanafunzi wa yeyote, na kocha anayenunua timu nzima kila kiangazi hatakuwa na wa kumwachia kiti.

Kwa hiyo mkuu wa michezo anayetafuta kocha leo, kama angalitaka nasaha yangu, ningemwambia asianze kwa kuhesabu mataji. Gasso alikaa miaka 13 kati ya taji la kwanza na la pili, na chuo kisicho na subira kingempoteza. Amuulize mwombaji alikuwa msaidizi wa nani, kwa muda gani, na ni wasaidizi wake wangapi walioondoka kwake wakawa makocha wakuu. Kisha aende katika vyuo vya miaka miwili, walikotoka Candrea na Gasso, akatafute wale ambao hakuna aliyewasikia, maana silsila isiyopokea damu mpya kutoka nje hugeuka kuwa ukoo, na ukoo hulinda jina lake kabla ya kulinda kazi yake.